Koki ya Uani kwa Bertilla

Haya sikuyaokota kijiweni wala sikusimuliwa na abiria mwenzangu. Yalitokea kwa jirani yangu Bertilla, hapa hapa Izia, mjini Sumbawanga, na ukuta unaotutenganisha ni wa matofali mabichi ambao mbuzi wangu aliubomoa nusu. Kilichosemwa upande ule nilikisikia, na kisichosemwa nilikiona kupitia lile pengo. Asiyetaka kuamini na asiamini, ila asije kwangu kuomba maji ya kunywa halafu akaanza kuuliza yametoka wapi.

Mtaa wetu una mradi wake mdogo wa maji. Tanki liko juu kwenye mteremko, bomba moja linashuka, na kila nyumba imechomoa tawi lake. Maji ni ya mgao, na mgao wenyewe hauna ratiba. Yanakuja yakitaka na kuondoka bila kuaga. Kwa hiyo tuna tabia moja ambayo mgeni huishangaa. Koki hatufungi. Tunachomeka mpira, ncha ya mpira tunaitumbukiza kwenye beseni, halafu tunaendelea na kazi zetu. Maji yakikaribia, bomba linaanza kupumua. Fssss. Ukisikia hivyo unapiga kelele, "Yamekujaaa!", na mtaa mzima unakimbilia ndoo.

Yakikatika, bomba tupu huvuta. Fundi Urbano, anayetutunzia mradi, alishatuambia mpaka koo likamkauka: toeni mipira kwenye mabeseni, bomba likiwa tupu linavuta kila kilichomo, maji ya nepi, ya vyombo, ya kuoshea miguu, na kesho mnayanywa wenyewe. Tunamwitikia, ndiyo fundi, tumekusikia fundi. Akikata kona tu, mpira unarudi kwenye beseni. Maana ukiutoa, maji yakija ukiwa shambani yanamwagika uani, na hakuna mwanamke wa mtaa huu anayeweza kuvumilia kuona maji yanamwagika.

Kwa Bertilla walikuwa wanawake watatu na mtoto mchanga. Bertilla mwenyewe. Mama yake, Bibi Kristiana, mzee ambaye nadhani ameosha maiti wengi kuliko sahani. Na wifi yake Edith, mke wa kaka yake Vitus. Vitus ni dereva wa lori la mahindi, nyumbani anaonekana kwa nadra kama padri wa kigango cha mbali. Mtoto alikuwa wa Edith, jina lake Gaudiosa, bado wa kulala chali na kurusha miguu, ufizi mtupu.

Bertilla hakuwa na mtoto. Aliwahi kuolewa kule Laela, mimba zikawa zinaharibika, mwisho akarudishwa kwao na godoro lake. Yule binti wa kaka yake alimpenda kupita kiasi. Alishinda naye mgongoni, na Edith akimwita ili amnyonyeshe, Bertilla alimfungua taratibu, taratibu mno, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima wakati bado anakihitaji.

Juni ile Edith aliugua homa ya matumbo. Hospitali walisema ni maji. Na kweli, maji ya kunywa aliwachemshia wote, lakini yeye mwenyewe akitoka shamba alikuwa anainama kwenye koki ya uani na kunywa kwa kiganja, nilimwona mara nyingi. Alilazwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Jumuiya tukaimba na kushukuru. Asubuhi moja jua limeshatoka, mimi niko barazani na cherehani yangu nashona sare za shule, baridi ile ya kupasua midomo, siku ya kawaida kabisa. Nikamsikia Bertilla anaita jina la wifi yake. Anaita tena. Tena.

Edith alikuwa amekufa usingizini. Mtoto alikutwa bado ananyonya.

Bibi Kristiana alikataa kumpeleka mochwari. Alisema mkwewe ataoshwa nyumbani, kwa mikono yake mwenyewe. Tukaingia chumbani watatu: yeye, Bertilla na mimi. Maji yalikuwa yanatoka siku hiyo, kwa hiyo Bertilla aliupitisha mpira dirishani kutoka kwenye koki, ncha akaiweka ndani ya beseni. Nyuma ya ghala la mahindi palikuwa pamechimbwa shimo. Katika ukoo wao, maji yaliyomwosha marehemu hayamwagwi hovyo. Yanazikwa yote, kabla mwenyewe hajazikwa. Na mwanamke akifa ananyonyesha, kuna jambo la ziada. Maziwa yake yanakamuliwa, yanazikwa pamoja na yale maji.

"Asiondoke na chakula cha mtoto," Bibi Kristiana alisema, amepiga magoti. "Akiondoka nacho, atarudi kumlisha."

Akaanza kukamua. Sipendi kukumbuka. Mwili ulishapoa, lakini maziwa yalitoka, mengi, meupe, yakidondoka kwenye beseni. Bertilla alikuwa amegeuza uso ukutani. Mimi nilishika shuka na kusali Salamu Maria ambayo sikuweza kuimaliza.

Mpira ukakohoa. Maji yakakatika.

Hakuna aliyejali, kwa sababu maji hukatika. Kisha nikasikia sauti ya mtoto anayenyonya. Nikatazama kitandani kwanza, Mungu anisamehe. Halafu nikatazama chini. Beseni lilikuwa linapungua. Weupe wote ulikuwa unazunguka, unaifuata ncha ya mpira, unaingia. Bibi Kristiana aliurukia mpira akauchomoa, lakini kwenye beseni palikuwa pamebaki kitambaa cha kuoshea tu. Mkononi mwake mpira uliendelea kuvuta hewa.

"Nani aliuacha humu?" alinong'ona.

Ni Bertilla. Aliuweka kama anavyouweka kila siku, kama ninavyouweka hata mimi.

Tulimalizia kumwosha kwa maji ya ndoo, na hayo ndiyo yaliyokwenda shimoni. Yalikuwa machache, hayakulowesha hata udongo. Alasiri tukamzika Edith, na baada ya msiba Vitus akarudi barabarani na lori lake, maana mahindi ya watu hayangoji machozi ya dereva. Mtoto akabaki kwa shangazi yake.

"Sasa ni wangu, Mama Abeli," Bertilla aliniambia kwenye pengo la ukuta. Alisema kwa huzuni, lakini macho yake yalikuwa yanang'aa.

Gaudiosa hakukubali kitu. Maziwa ya ng'ombe yaliletwa kutoka Mollo, akayatema. Maziwa ya kopo, akayatema. Uji mwepesi wa ulezi, akafunga mdomo. Bertilla akafikia hatua ya kumpa titi lake mwenyewe lililokauka, nikamwona, nikaondoa macho kwa aibu na huruma. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa kama mlango mbovu. Mabomba wakati huo yote yalikuwa kimya.

Kisha maji yakarudi. Fssss, na yalikuwa meupe mtaa mzima.

Watu walitoka na vikombe vyao, kila mmoja anapiga kelele kumzidi mwenzake. Urbano alikuja mbio na pikipiki yake. Akachukua glasi yangu, akaijaza, akaiweka juu ya ukuta juani.

"Ni hewa tu, mama zangu. Bomba lilikuwa tupu. Subirini, yatasafika kuanzia chini."

Na kweli yalisafika. Weupe ulipanda taratibu, ukaisha, glasi ikabaki safi. Watu wakacheka, wakamtania Urbano kwamba sasa amekuwa mganga, wakaondoka. Ila Bertilla naye alikuwa ameweka glasi yake juu ya ukuta, upande wa pili wa ile yangu. Ile haikusafika. Mpaka tunakula mchana ilikuwa bado nyeupe, na juu yake pamefanya utando.

Niliruka pengo nikaenda kwenye koki yake, nikaweka kidole. Juni ya Sumbawanga, maji ya bomba yanauma mpaka mfupa. Yale yalikuwa ya uvuguvugu. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa na utamu ule hafifu ambao kila mama anaujua. Nikatema. Nikasukutua. Bado nahisi uko pale pale, nyuma ya meno.

Bertilla alikuwa ameshamnawisha mtoto uso kwa maji yale. Gaudiosa akalamba. Akameza. Akanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu mama yake azikwe, akalala usingizi wa kushiba.

"Usimpe tena," nilimwambia.

"Nimpe nini basi?"

Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Kwa hiyo alimpa. Mtoto akanenepa. Mikono ikafanya mikunjo, mashavu yakang'aa, na akina mama wakipita walimsifu Bertilla kwa malezi. Urbano alichukua maji ya nyumba kadhaa kwenye chupa, akayapeleka kupimwa, akarudi na majibu. Maji ni salama, alisema, vijidudu hakuna, dawa ipo ya kutosha. Alipofika kwangu alipunguza sauti.

"Ile chupa ya kwa Bertilla wameitupa. Wananiuliza kwa nini niliwapelekea maziwa ya mgando."

Nilidhani Bertilla angefurahi tu, mtoto si anakua. Furaha ile haikudumu. Alianza kukonda yeye. Siku moja alinifuata barazani, Gaudiosa yuko mgongoni, akakaa chini bila hata kunisalimia.

"Hanitazami," alisema.

"Nani?"

"Mtoto. Nikimbeba anatazama koki. Nikimwimbia anatazama koki. Bomba likipumua anacheka, ananyoosha mikono. Mimi ni yaya tu pale, Mama Abeli. Mama yake yupo."

Nilimtazama yule mtoto mgongoni. Shingo yake ilikuwa imegeukia pengo la ukuta. Alikuwa anatabasamu, na hapakuwa na mtu.

Bibi Kristiana alimwita binti yake mchana ule ule. Nilikuwa nimekwenda kumpa shikamoo, nikabaki.

"Mwache anyonye," mzee alisema. "Mama akishamshibisha, atamwachisha mwenyewe, ataondoka. Usimkatize mwenzio. Ziwa likikatizwa halisahau."

"Na huyo mwenzangu akiamua kumchukua kabisa?"

Mzee alikuwa anatazama mikono yake.

Bertilla hakungoja. Alimwita Urbano, akamwambia akate tawi lake kule barabarani. Urbano akakata, akaziba pande zote mbili, akasukuma udongo juu. Bertilla akafunga mizigo, akapanda gari la Mwimbi, kwa mama yake mdogo. Kule aendako wanachota kisimani. Hakuna bomba karibu. Alipokuwa anatoka, Gaudiosa alilia mara moja, kilio kimoja kirefu, na koki ile kavu, iliyokatwa, iliyofungwa, ikamjibu.

Fssss.

Kwa mazoea nikapiga kelele, "Yamekujaaa!" Majirani wakatoka na ndoo. Hakukuwa na maji popote.

Iliendelea hivyo baada ya wao kuondoka. Mimi nashona, yenyewe inapumua. Nikajaribu kufungulia redio, nikajaribu kuimba. Mwishowe nikaenda kuiangalia, mchana kweupe, jua utosini. Nikakuta haipulizi. Inavuta. Jani la muhindi lililokuwa chini lilinyanyuka polepole likanata kwenye mdomo wa koki, likakaa pale linatetemeka. Nikasogeza kiganja. Kikavutwa. Nilikimbia, sioni aibu kusema, niliacha na kandambili.

Bertilla alipiga simu kutoka Mwimbi. Mtoto hali. Hanywi. Walimpeleka zahanati, wakampa rufaa, wakamwekea mpira wa puani, kinachoingia kinarudi. Mikunjo ya mikono imeisha. Hata kulia hawezi tena.

"Koki inasemaje?" aliuliza.

"Bertilla, mpeleke hospitali kubwa."

"Nimeuliza koki inasemaje."

Akaisikia mwenyewe. Ilikuwa inavuma mpaka kwenye simu.

Bertilla na mtoto walifika adhuhuri ya siku iliyofuata. Sikumjua mtoto. Alikuwa mdogo kuliko siku aliyozaliwa, ngozi imelegea kama ya mzee, macho tu ndiyo yaliyobaki makubwa. Bertilla hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye koki. Bibi Kristiana akatoka anachechemea, akanyoosha mkono.

"Usimsogeze. Umechelewa, mwanangu. Hilo ni tupu sasa. Bomba tupu halitoi."

Bertilla hakumsikia, au hakutaka. Alipiga magoti kwenye tope lililokauka. Alikuwa analia kwa sauti, kamasi zinamtoka, na mwanamke yule niliyemjua kwa kiburi cha kupenda mtoto wa mwenzie alikuwa anaomba kama mtoto.

"Wifi. Nimemrudisha. Ni wako, sikatai. Mpe tu. Mpe kidogo."

Gaudiosa akageuza shingo. Akafungua mdomo. Bertilla akamwinua, midomo yake ikagusa koki.

Tukasikia kunyonya.

"Ananyonya!" Bertilla akacheka. "Mama! Ananyonya!"

Na kweli sauti ilikuwa ile, ya mtoto mwenye njaa. Mashavu yalikuwa yanaingia ndani. Yanaingia sana. Nikatazama koo.

Halikuwa linameza.

"Mtoe," nikasema. "Mtoe. Mtoe!"

Bibi Kristiana alifika kabla yangu. Alimshika mtoto kiunoni, akavuta. Midomo haikuachia. Akavuta tena, ikaachia, kwa mlio mdogo kama wa kizibo. Kisha uani pakawa kimya. Koki ilikuwa imenyamaza. Kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu waende Mwimbi, haikuvuta wala haikupumua.

Mtoto alikuwa anatabasamu. Alikuwa mwepesi. Nilimpokea mimi, na nilidhani nimepewa kanga tupu.

Tulimwosha kwa maji ya kisima yaliyoletwa kutoka mbali, na hakuna mpira ulioingia chumbani. Mimi ndiye niliyemfungua mdomo na kumfuta ufizi, juu na chini, kwa kitambaa laini. Kila tone likaenda shimoni. Tukamzika ubavuni mwa Edith. Vitus alirudi siku hiyo hiyo, akachukua nyundo, akaipiga ile koki mpaka ikavunjika vipande, akaondoka bila kumuaga dada yake. Hawajazungumza tena.

Ningependa kuishia hapo.

Baada ya kuvua nguo nyeusi, Bertilla alinunua koki mpya, ya plastiki, ya buluu. Akamwomba Urbano aifunge pale pale kwenye bomba lililokatwa, lisilounganishwa na kitu. Urbano alimwonea huruma, akaifunga. Tangu hapo Bertilla anashinda pembeni yake, anapukuchua mahindi, anaimba nyimbo za kubembeleza. Tumemwombea kwenye jumuiya, mama yake amemlilia, watu wa hospitali wamempa vidonge vya usingizi. Mimi nimeacha kumshauri. Nachoka. Nashona, nasikia anaimba, jioni nakwenda kuchota maji kwenye koki yangu kama kila mtu, na ninayanywa, kwa sababu mtaa huu hauna maji mengine.

Juzi juzi aliniita kwenye pengo la ukuta.

"Mama Abeli. Njoo uone."

Hakuwa analia. Alikuwa ametulia kuliko nilivyowahi kumwona. Akanionyesha mdomo wa ile koki ya buluu, upande wa chini. Palikuwa na alama mbili ndogo, zimekaa karibu karibu, plastiki imebonyea kabisa. Nikamwambia ni panya. Bertilla akanitazama kwa upole, akapitisha kidole juu ya zile alama kama mtu anayepapasa ufizi.

"Fizi zinamwasha," alinong'ona. "Ndiyo maana ana kelele siku hizi."

Gaudiosa tulimzika hana jino hata moja. Ufizi ule niliufuta mimi, ulikuwa laini kote.

Leo Bertilla alipoingia ndani kupika, nilichungulia tena peke yangu. Alama za chini zimekuwa nne. Na upande wa juu limeanza kutokeza moja.